Bomba la majitaka limefika barabarani, mume wangu hataki liingie uani

Mshauri mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nimeifuata safu hii kwa muda mrefu bila kudhani kwamba ningekuletea suala la tangi la majitaka, lakini ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo lililoingiza ubaridi katika nyumba ambayo mimi na mume wangu tuliijenga kwa kujinyima.

Nyumba yetu iko upande wa chini wa barabara, mahali ambapo ardhi inateremka kuelekea bondeni. Mwanzoni tulitumia shimo la kawaida, nalo lilipojaa tulivumilia kwa kuita gari la kulinyonya mara kwa mara. Miaka 4 iliyopita tulichukua mkopo tukajenga mfumo kamili wa septiki: tangi la zege lenye vyumba viwili, na mbele yake mitaro ya kufyonzea maji iliyojazwa kokoto. Mume wangu aliisimamia kazi hiyo mwenyewe tangu kuchimba hadi kufukia. Tangu wakati huo hatujawahi kusikia harufu wala choo hakijawahi kuziba, na mkopo wenyewe bado tunaulipa.

Mwaka jana mamlaka inayohusika na majitaka ililaza bomba kando ya barabara yetu, kisha ikatuletea notisi. Kila nyumba ambayo kiwanja chake kinapakana na bomba inatakiwa iunganishwe ndani ya miezi 12 na tangi lake lifungwe, na muda huo ukiisha ada ya kila mwezi itaanza kudaiwa hata kwa yule ambaye hajaunganishwa. Mwenye pingamizi amepewa siku 60 za kuliwasilisha kwa maandishi, na zaidi ya nusu ya siku hizo zimeshapita.

Mume wangu alipoisoma notisi hiyo alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Anasema hatuwezi kulipia kitu kimoja mara mbili, kwamba tangi letu linafanya kazi yake vizuri, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumwamuru mtu afukie mali aliyoigharamia kwa jasho lake. Aliwakusanya majirani, nao wakamchagua kuwa mwenyekiti wao na kutia saini kwamba hakuna nyumba itakayokubali kuunganishwa. Baadhi yao wana mifumo mipya kama wetu. Wengine wana mashimo ya miaka mingi ambayo hufurika kila mvua kubwa inaponyesha, na sasa wamejificha nyuma ya hoja za mume wangu.

Kilichonisukuma kukuandikia ni mambo ambayo yeye hayajui. Mama mmoja anayeishi chini yetu bondeni aliniambia faraghani kwamba alipeleka maji ya kisima chake yakapimwa, akaambiwa yana kemikali iitwayo naitreti kwa wingi na asiyatumie kumtengenezea mtoto mchanga maziwa. Sisi nasi tunakunywa maji ya kisima kilichopo uani, na binti yetu yuko njiani kuja kujifungulia kwetu mtoto wake wa kwanza. Pia nilimwita fundi siku ambayo mume wangu hakuwepo, akapima na kuniambia kwamba sakafu yetu iko chini kuliko bomba la barabarani, hivyo majitaka hayawezi kwenda huko yenyewe bila pampu, na umeme wetu hukatika. Jambo jingine ni kwamba ninayo akiba yangu binafsi inayoweza kulipia maunganisho pamoja na pampu hiyo, na mume wangu hajui kwamba imefikia kiasi hicho.

Nimewaza kwenda kulipa kimya kimya. Hati ya nyumba ina majina yetu wawili, kwa hiyo nadhani ninayo haki hiyo. Lakini nikimfikiria akiwa amesimama mbele ya majirani waliomwamini, na mke wake ndiye wa kwanza kuvunja makubaliano, moyo unarudi nyuma. Na nikinyamaza, nitampokea mjukuu wangu kwa maji ambayo sijui yana nini ndani yake.

Je, ni kweli kwamba tangi zuri kama letu linaweza kuharibu maji? Je, hilo bomba ndilo jibu? Na nizungumze vipi na mtu mwema ambaye kila ninachokisema kuhusu jambo hili anakisikia kana kwamba namwambia kazi yake ilikuwa bure?

Mama aliye njia panda

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu,

Asante kwa kuniamini na kwa kunieleza kwa undani. Katika barua yako naona mambo matatu yaliyofungwa pamoja hadi yanaonekana kuwa jambo moja: usalama wa maji mnayokunywa, amri ya mamlaka pamoja na gharama zake, na heshima ya mume wako mbele yako na mbele ya majirani. Unaniuliza kama ulipe au usilipe, lakini nadhani kinachokuelemea zaidi ni kwamba umebeba peke yako habari ambazo zingepaswa kubebwa na watu wawili. Kuyaamua mambo haya ni kazi yenu nyinyi mnaoishi katika nyumba hiyo. Mimi nitajaribu kuyafungua moja baada ya jingine, nikianza na lile ambalo halihitaji kusubiri mwafaka wa mtu yeyote.

Hilo ni maji ya kisima. Naitreti ikizidi katika maji humdhuru hasa mtoto aliye chini ya miezi 6 anayelishwa maziwa ya kuchanganywa na maji, kwa sababu huipunguzia damu yake uwezo wa kubeba oksijeni, na katika hali mbaya ngozi yake hubadilika rangi kuwa ya bluu. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji. Wengi hudhani kwamba kuchemsha kunatosha, na kwa vimelea vya magonjwa ni kweli kunasaidia sana, lakini naitreti haiondoki kwa moto. Maji yanapopungua kwa mvuke, naitreti iliyobaki ndani yake huwa nzito zaidi. Kwa hiyo peleka maji ya kisima chenu maabara yapimwe naitreti na bakteria wa kinyesi, na hadi majibu yatakapotoka tafuta maji mengine ya kunywa. Binti yako akiweza kumnyonyesha mtoto wake bila kumpa kitu kingine, hatari hiyo itapungua sana. Kupima maji si kuchagua upande katika mgogoro wa bomba. Hata mume wako, kama tangi lake ni zima, anakihitaji kipimo hicho kuliko mtu mwingine yeyote.

Ninasema hivyo kwa sababu majibu ya jirani yako, pamoja na uzito wake, hayathibitishi kosa la mtu fulani. Naitreti huweza kutoka kwenye mbolea za mashambani, kwenye mazizi, kwenye yale mashimo ya majirani yanayofurika, au kwenye matangi mengi yaliyo karibu karibu na kumwaga katika ardhi moja. Huweza pia kutoka kwenye lile shimo lenu la kwanza, ambalo hukuniambia liliishia vipi. Je, lilinyonywa na kujazwa mchanga, au lilifunikwa tu likaachwa na vilivyomo? Na kisima chenu kiko upande gani wa mitaro, juu yake au chini yake? Taratibu nyingi za ujenzi hutaka kati ya kisima na mitaro pawe na mita 15 hadi 30 au zaidi, lakini umbali huo hausaidii sana ikiwa maji ya ardhini yanatiririka kutoka kwenye mitaro kuelekea kisimani.

Sasa nije kwenye dhana ambayo wewe na mume wako mnaikubali kwa pamoja, ijapokuwa mnatofautiana katika kila kitu kingine, kwamba tangi lisilotoa harufu wala kuziba ni tangi linalofanya kazi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na ardhini kimya hudumu kwa muda mrefu mno. Tangi lenyewe husafisha kidogo tu. Hutenganisha: vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye mitaro yakiwa bado yamejaa vimelea. Usafishaji hasa hufanywa na udongo ulio chini ya mitaro, alimradi udongo huo usiwe umelowa, kwa kuwa ndani yake hewa na bakteria wake huyashughulikia maji hayo kadiri yanavyoshuka taratibu. Maji ya ardhini yakipanda wakati wa mvua hadi karibu na mitaro, tabaka hilo hupungua na maji hupita kabla kazi haijakamilika. Ndani ya nyumba hamtasikia lolote.

Hata pale ambapo kila kitu kiko sawa, naitreti ina tabia yake. Udongo mzuri huzuia vimelea vingi, lakini naitreti huyeyuka ndani ya maji na kushuka nayo. Mfumo wa kawaida wa septiki haukubuniwa kuiondoa kikamilifu. Nyumba moja katika eneo pana haileti madhara makubwa, kwa sababu mvua na ukubwa wa ardhi huichanganya na kuipunguza nguvu, lakini nyumba nyingi zilizosongamana juu ya mteremko mmoja ni jambo tofauti kabisa. Kwa hiyo mume wako anaweza kuwa na haki kamili anaposema kwamba tangi lake lilijengwa vizuri na linaihudumia nyumba, na wakati huohuo kisima cha jirani kikawa kinaharibika, bila hata mmoja wenu kuwa amefanya uzembe. Nakuomba uishike hoja hii, kwa sababu inaweza kukusaidia utakapozungumza naye. Si kila anayeuliza habari za maji anasema kwamba kazi ya fundi ilikuwa mbovu.

Katika barua yako hukugusia kama tangi limewahi kunyonywa tangu lijengwe. Kwa familia ya kawaida, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kulinyonya kila baada ya miaka 3 hadi 5, na kulikagua mapema zaidi ili kupima kina cha tope na cha mafuta. Tope likiachwa lijae huanza kutoka pamoja na maji, likaziba vitundu vya udongo chini ya mitaro, na mitaro iliyozibika hivyo ni vigumu mno kuifufua. Ripoti ya mkaguzi anayetambuliwa, ikionyesha hali ya tangi, mitaro, na kina cha maji ya ardhini wakati wa mvua, ingewapa nyote wawili kitu cha kushika badala ya kubishana kwa kumbukumbu na hisia.

Naomba pia niiguse dhana yako wewe, kwamba bomba likishaingia uani hofu yako itaondoka. Bomba huyaondoa majitaka kwako, lakini halina uwezo wa kuyasafisha. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba kipindupindu kilichowaua mamia ya watu katika eneo la Broad Street jijini London kilitokana na maji ya pampu moja, na uchunguzi uliofuata ukabaini kwamba shimo la majitaka la nyumba iliyo karibu lilikuwa likivuja kuelekea kwenye kisima cha pampu hiyo. Ungedhani basi kwamba mashimo ndiyo yaliyokuwa adui peke yake. Lakini miaka michache kabla ya hapo wakuu wa jiji hilohilo walikuwa wamewashurutisha wenye nyumba kuyaacha mashimo yao na kuunganishwa kwenye mifereji, na mifereji hiyo ikamwaga kila kitu katika mto Thames bila kusafishwa, mto ambao kampuni za maji zilikuwa zikichota humo maji ya kuwauzia wakazi. Hadi kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa mto huo ulikuwa umewashinda hata wabunge, na ndipo zilipotolewa fedha za mfumo mpya uliojengwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Kwa hiyo lipo swali la haki ambalo mume wako na majirani zake wanaweza kuliuliza kwa maandishi: majitaka yetu yatakwenda kusafishwa wapi, mtambo huo una nafasi ya kutosha kupokea nyumba hizi zote, na maji yanayotoka humo hupimwa na nani? Swali hilo lina nguvu kuliko saini za kukataa, kwa sababu linaitaka mamlaka itoe maelezo.

Suala la pampu nalo usilipite haraka. Nyumba iliyo chini ya bomba huhitaji kisima kidogo cha kukusanyia majitaka, pampu ya kuyapandisha, na vali ya kuyazuia yasirudi. Umeme ukikatika, kisima hicho kinaweza kuhimili saa kadhaa iwapo mtatumia maji kwa uangalifu, ilimradi kimejengwa kwa ukubwa unaofaa na kina kengele ya kuwatahadharisha kabla hakijajaa. Kabla hujalipa chochote, ni vyema ujue pampu itakuwa mali ya nani, nani ataitengeneza ikiharibika, na bili yake ya umeme italipwa na nani, kwa kuwa mahali pengine mamlaka huimiliki na kuihudumia, na pengine mzigo wote humwangukia mwenye nyumba. Uliza pia kuhusu njia moja ambayo watu wengi hawaifahamu: ziko taratibu zinazoruhusu tangi zuri la septiki libaki mahali pake likiendelea kuzuia tope, na maji ya juu tu ndiyo yapelekwe kwenye bomba jembamba la barabarani. Haikubaliki kila mahali, na tangi bado litahitaji kunyonywa, lakini pale inapokubaliwa, kazi ambayo mume wako aliisimamia haifukiwi.

Kuhusu amri yenyewe, njia zilizo mbele yenu ni nyingi kuliko kukubali au kukataa. Mkiunganishwa sasa, mtaepuka adhabu, na mtaacha kutegemea udongo ulio kati ya mitaro na kisima, lakini mtakuwa mnalipa mkopo wa zamani na gharama mpya kwa pamoja, na ada ya kila mwezi, ambayo mara nyingi hukokotolewa kwa kiasi cha maji yanayotumika, haitakuwa na mwisho. Uliza pia ada hiyo itakokotolewaje kwenu ambao mnatumia maji ya kisima yasiyopita kwenye mita.

Mkiomba nafuu, mnaweza kuipata au kuikosa. Sheria za namna hii katika sehemu nyingi huwa na vipengele vya msamaha au vya kuongezewa muda kwa mfumo uliojengwa karibuni na kuthibitishwa kuwa mzima, kwa nyumba iliyo mbali na bomba au iliyo chini yake, au kwa familia isiyo na uwezo, na baadhi huruhusu malipo ya awamu. Isome notisi yenu hadi maandishi yake madogo, kisha uombe nakala ya kanuni iliyotajwa humo. Na hapa lazima niseme wazi jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako: makubaliano ya majirani kwamba hawataunganishwa, hata yakiwa na saini mia, si pingamizi. Pingamizi ni andiko lililopokewa na ofisi husika ndani ya muda, likieleza hali ya nyumba moja moja. Siku hizo zikipita bila andiko hilo, mume wako anaweza kujikuta amewaongoza watu kupoteza haki ambayo alikuwa akiitetea.

Kukataa moja kwa moja ndiyo njia yenye hatari nyingi zaidi. Ada zinaweza kulimbikizwa pamoja na riba, deni linaweza kuandikwa juu ya nyumba na kuwakwaza siku mtakapotaka kuiuza au kuirithisha, na katika baadhi ya sheria mamlaka inaweza kufanya kazi hiyo yenyewe na kuwatoza gharama zake. Lakini umoja huohuo wa majirani, ukielekezwa kwingine, ni mtaji. Nyumba kumi zikiomba kwa pamoja zinaweza kumwajiri mkandarasi mmoja, kuchimba kwa pamoja, kudai pampu moja ya kundi badala ya kila nyumba kununua yake, na kuomba kwamba wale wenye mifumo ya miaka michache wapewe muda mrefu kuliko wale wenye mashimo yanayofurika. Mwenyekiti anayepeleka madai ya namna hiyo hajawasaliti watu wake.

Nimelichelewesha suala la akiba yako na la kulipa kimya kimya, kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Kwanza, sioni jinsi siri hiyo itakavyodumu. Kazi hii huhitaji kibali, na pale ambapo hati ina majina mawili, ofisi inaweza kudai saini zote mbili. Kisha mafundi watakuja wachimbe uani mchana kweupe. Kwa hiyo swali lililopo ni kama mume wako alisikie jambo hili kwa kinywa chako au alione likichimbwa. Pili, nakuuliza kwa upole: una hakika gani kwamba atayasikia maneno yako kama usaliti? Hujamweleza habari za kisima cha jirani, hujamweleza alichosema fundi, wala hujamweleza kuhusu akiba. Hasira unayoiona ni hasira ya mtu anayefikiri kwamba hana pesa za kulipia bomba wakati bado anadaiwa za tangi. Huenda kinachomuuma si bomba lenyewe bali deni, na kitu ambacho kingeweza kulipunguza unakificha wewe. Sisemi kwamba lazima umkabidhi akiba yako. Mwanamke ana sababu nyingi nzuri za kuwa na fedha zake, na unaweza kuamua kuitoa yote, sehemu yake, kama mkopo wa nyumbani, au kutoitoa kabisa. Nasema tu kwamba ukimwelewa mtu kwa hasira yake pekee, huenda ukamkosa.

Ukiamua kuzungumza naye, unaweza kufikiria kuanza na mtoto anayekuja badala ya kuanza na notisi. Mwambie kwamba unataka maji ya kisima yapimwe kabla binti yenu hajafika, na kwamba ungependa yeye ndiye achukue sampuli na kuipeleka, kwa kuwa ndiye anayejua kila kitu kilichofukiwa katika ua huo. Mwombe jirani ruhusa kabla ya kulitaja jina lake. Habari za fundi zieleze pia, hata kama ataudhika kwamba uliita mtu bila yeye, kwa sababu suala la mteremko na pampu ni hoja inayomsaidia yeye katika pingamizi. Akikataa hata kupima, hapo utakuwa umejua jambo jipya kuhusu ukubwa wa hofu yake, na mtu mzima wa familia anayemheshimu anaweza kukaa nanyi. Upimaji wa maji atakayopewa mjukuu wako unaweza kuufanya kwa jina lako mwenyewe, bila ugomvi.

Yapo mambo mawili ya kiutendaji ambayo sitaki uyakose. Iwapo siku moja tangi litafungwa, asithubutu mtu yeyote kuingia ndani yake wala kuinama juu ya mfuniko ulio wazi, kwa kuwa hewa yenye sumu iliyomo, iitwayo haidrojeni salfaidi, inaweza kuua kwa dakika chache, na wengi wamekufa walipoingia kumwokoa aliyetangulia. Linyonywe na wenye gari la kazi hiyo, sakafu yake itobolewe ili lisituamishe maji, lijazwe mchanga au kokoto, na mpewe cheti cha kufungwa kwake. Lile shimo la kwanza lichunguzwe kwa uangalifu uleule, hata kama mtabaki na septiki.

La pili ni zile siku zilizobaki. Kwa kawaida kuwasilisha pingamizi au ombi la kuongezewa muda hakumzuii mtu kuunganishwa baadaye akibadili mawazo, ila kutoliwasilisha kunaweza kumfungia mlango. Hivyo si lazima wewe na mume wako muwe mmekubaliana kuhusu bomba kabla ya tarehe ya mwisho. Inatosha mkubaliane kuhusu barua moja inayoeleza umri wa mfumo wenu, deni mnalolipa, mteremko wa nyumba, na maswali yenu juu ya pampu na mtambo wa kusafishia. Muulize kama atakubali muiandike pamoja, muambatanishe ripoti ya mkaguzi na majibu ya maji ya kisima, yawe yanawaunga mkono au hayawaungi, kisha mkaipeleke wenyewe na mpigiwe muhuri kwenye nakala yenu.